Nzige wa Shamba la Ambrosi

Barua ya Ambrosi ilikaa wiki sita mezani kwa Emilia bila kujibiwa. Aliituma kutoka Lisekese, msimu ule wafanyabiashara binafsi walipoanza kuruhusiwa kununua korosho na kuuza dawa za mashambani. "Dada, nzige wameingia kwenye mikorosho. Wazee wanasema ni wale wekundu walioleta njaa zamani. Niambie kama ndio, nipige dawa, au niwaache."

Emilia alikuwa mtaalamu wa wadudu kwenye kituo cha utafiti Newala. Kila siku alisema atamjibu mdogo wake kesho. Ambrosi akachoka kungoja, akanunua chupa ya dawa isiyo na lebo, akabeba bomba la kunyunyizia mgongoni. Jioni ile ile akafa, povu likimtoka mdomoni.

Mwaka ulipopita, nzige wakarudi, na Emilia akateremka Lisekese kuwakamata akawapime. Salome, mjane wa Ambrosi, alimpeleka shambani mchana kweupe. Walipofika katikati ya mikorosho, Salome akasimama.

"Unasikia, wifi?"

"Nini?"

"Mpini wa bomba. Unapanda, unashuka."

Emilia alitaka kusema ni matawi yanasuguana. Upepo haukuwepo. Kwi, kwi, ikasikika nyuma yao, kisha mlio wa dawa ikitoka kwenye mrija. Akageuka. Hapakuwa na mtu.

"Wewe unaogopa," Salome alisema. "Mimi nimeshazoea. Naogopa siku atakayonyamaza."

Wakakamata nzige arobaini. Emilia akawaweka kwenye kasha la barafu, akapanda nao Newala.

Maabara ilikuwa na nzige wekundu halisi, walioletwa kutoka mabonde ya magharibi. Kwa macho, wa Ambrosi walifanana nao kama watoto wa tumbo moja. Ila ndani ya mwili kuna vimeng'enya, vitu vinavyoendesha kazi za uhai, na umbile lake hutofautiana kutoka aina moja ya mdudu hadi nyingine. Emilia akasaga misuli ya nzige wa aina zote mbili, akatia majimaji yake kwenye ubao wa jeli ya wanga, akapitisha umeme. Vimeng'enya vikatambaa, vingine upesi, vingine polepole. Alipomwaga rangi, michirizi ya buluu ikajitokeza.

Kati ya vimeng'enya tisa, michirizi ya vitano haikulingana hata kidogo na ya wale wekundu. Hawa walikuwa nzige wa miti, jamaa wa mbali wa wale wekundu. Hula majani kidogo, wala hawajikusanyi kuwa kundi la kumaliza nchi.

Alirudia kipimo mara tatu, akiomba awe amekosea. Mara ya tatu, umeme ukiwa unapita kwenye jeli, akausikia tena ule mpini, safari hii mlangoni pa maabara. Hakugeuka.

Asubuhi yake akashuka Lisekese. Alimkuta Salome akipepeta mahindi, akamweleza yote, hata wiki zile sita.

"Kwa hiyo ungemjibu," Salome alisema, ungo ukiwa umesimama mikononi, "asingepiga dawa."

"Asingepiga."

Salome akauweka ungo chini, kuku wakaanza kula mahindi. Mwishowe akanyanyuka, akajifunga kanga.

"Kukusamehe sijui lini, wifi. Lakini jirani yetu Bwanali kanunua chupa kama ile. Twende."

Walimkuta Bwanali uani, bomba limeshajazwa, kamba moja tayari begani. Emilia akaanza kumweleza habari za vimeng'enya, Bwanali asielewe kitu. Salome akamalizia kwa lugha ya nyumbani, maneno machache tu: hawa si wale, na Ambrosi alikufa bure.

Bwanali aliwatazama wote wawili. Kisha akaishusha ile kamba, akamwita mkewe amsaidie kuchimba shimo la kufukia dawa, mbali na kisima.