Mbuzi Asiyeshonwa na Mtu

Venanti alifariki siku ya soko, maharage yakiwa bado jikoni. Ernestina aliyaepua, akayafunika, ndipo akaenda kumfumba macho mumewe. Majirani wakaja, wakaimba, wakayala yale maharage. Matanga yalipoondolewa, shemeji yake Melkiades alimwambia kwa upole, kama mtu anayeomba chumvi, asikanyage tena shamba la michikichi kule Kizuka. Michikichi ile, alisema, aliipanda yeye wakati nduguye akiwa bado ukimbizini Tanzania. Tena Ernestina hakuzaa, na ardhi ya ukoo haikai kwa mwanamke asiye na mtoto.

Ernestina akaenda kujifunza kudarizi.

Mwalimu alikuwa Rachelle, Mkongo wa Uvira, mwenye kibanda karibu na bandari ya Rumonge. Vielelezo vya karatasi hakuvitaka. "Nenda kaangalie kitu chenyewe," alisema. Basi wanafunzi walikwenda ufukweni kutazama magamba ya samaki aitwaye kuhe, wakarudi kuyashona kwa mkono, kila mshono ukilalia mwenzake. Walimtazama pia mnana akifuma kiota. Mnana alipoona wanakosea fundo, alilifumua, akalianza upya polepole, nao wakalishika.

Cherehani ilikuwa na mambo yake. Unang'oa mguu, unashusha meno yanayosukuma nguo, unaibana kwenye duara la mbao, kisha unaiongoza mwenyewe kwa mikono miwili. Mara ya kwanza Ernestina alisahau meno, cherehani ikaondoka na nguo kivyake. Mara ya pili alikaza uzi mno, nguo ikajikunja vilima vilima.

"Mama Ernestina, umetushonea milima ya Bugarama," Rachelle akasema. "Sisi tuko kwenye ziwa. Legeza!"

Darasa zima likacheka. Ernestina naye akacheka, kwa mara ya kwanza tangu yale maharage.

Mwaka ukakaribia kutimia. Kwao, mwaka ukitimia, familia hukutana kunywa na kuganduka, yaani kuvua msiba. Ernestina alitaka jambo moja tu: siku hiyo, mbele ya ukoo, ijulikane kwamba michikichi ya Kizuka waliipanda yeye na Venanti. Kusema hakuthubutu. Akaanza kudarizi kitambaa cha meza chenye shamba lile.

Kwa kuwa shamba lenyewe alikatazwa, alilishona kwa kumbukumbu. Mchikichi wa pembeni ulikuwa umepinda tangu ukiwa mche, maana mbuzi wa Melkiades aliulalia, naye Ernestina akaufunga kwenye kijiti kwa kipande cha kitenge chekundu alichotoka nacho kambini Tanzania. Kwa adabu, asije akamuudhi shemeji, aliushona umenyooka.

Asubuhi aliukuta umepinda. Kitenge chekundu kilikuwa shinani, na chini yake alisimama mbuzi mweupe mwenye sikio lililochanika. Ernestina hakumshona. Mbuzi alikuwa anatafuna.

Rachelle akakigeuza kitambaa, akakagua upande wa nyuma.

"Hakuna hata fundo moja," alisema. "Kazi safi kuliko yako, mama. Mwache."

Siku ya kuganduka Ernestina alitandika kitambaa mezani, watu wakajaa. Melkiades alipotua chupa yake mezani, mbuzi akasogea kumpisha. Mzee Lameki, baba mdogo wa Venanti, akavaa miwani.

"Melkiades, huyu mbuzi iko wako."

"Wangu kabisa. Sikio lilichanwa na mbwa."

"Si ndiye aliyelalia mche?"

"Ndiye. Nikaleta kibuyu cha urwarwa wa ndizi kuomba radhi. Hata wewe baba ulikunywa."

"Nilikunywa. Ulikuwa mtamu ule!" Mzee akavua miwani, akaifuta. "Sasa niambie. Mtu huleta urwarwa kuomba radhi kwa mche wake mwenyewe?"

Watu wakatua vikombe. Mbuzi tu ndiye aliyeendelea kutafuna.

"Hapana," Melkiades akasema. "Mche ulikuwa wa Venanti na huyu." Akamwonyesha Ernestina kwa kidevu.

Wazee wakashauriana kidogo. Wakakubaliana kwamba kweli michikichi ilipandwa na mume na mke, pasipo shaka yoyote. Wakakubaliana vilevile kwamba ardhi ni ya ukoo, na kwamba Melkiades ataendelea kuvuna. Kisha wakakisifia kitambaa, hasa majani, wakaomba waongezewe kinywaji.

"Murakoze, shemeji," Melkiades akashukuru. "Mbuzi umemtoa vizuri. Alikufa zamani yule."

"Iko amenona," akajibu Ernestina.

Akaingia ndani, akavua nguo za msiba, akatoka na kitenge cha njano. Ngoma zilipoanza alicheza mpaka kilemba kikadondoka, na Rachelle akakiokota akacheza nacho.

Shamba la Kizuka bado liko kwa Melkiades. Ernestina sasa ndiye anayewafundisha wanafunzi wapya kushusha meno ya cherehani. Mbuzi amemfunga kwa uzi mweusi, kwa sababu alianza kula pindo. Na kila Jumamosi, akikianika kitambaa, huweka sufuria chini ya kamba, maana ile michikichi ya uzi imeanza kuzaa, na mawese hudondoka mpaka adhuhuri.