Kiti cha Murielle

Vijana wa mtaani wasiotaka wageni walianza kwa kumtaka Biubwa aondoe kibao cha saluni yake barabarani, hapo Yeoville, mtaa aliohamia ugenini. Akaondoa. Wakarudi kukataza muziki wa Kongo. Akazima. Jana walitaka kiti cha Murielle, msusi kutoka Bukavu aliyepanga nafasi kwake, kiwe kimetoka kufikia leo jioni. Biubwa aliitikia kwa kichwa. Tangu amzike kaka yake aliyeuawa katika ghasia za kuwafukuza wageni mwaka 2008, kelele za umati tu humkimbiza ndani.

Pembeni, bintiye Zuhura alikuwa akidurusu historia.

"Mama, unajua Waingereza walimkubalia Hitler achukue kipande cha Chekoslovakia?"

"Kwani kilikuwa chao?"

"Hapana. Walikuwa wamezika vijana wengi vita vya kwanza, na kwa vita vya pili hawakuwa tayari. Walidhani akipewa hicho ataridhika."

"Akaridhika?"

"Eish, Mama, wapi! Baadaye alichukua na iliyobaki. Na wenye nchi hata kwenye mkutano wa kukitoa hicho kipande hawakuitwa."

Biubwa alimtazama Murielle, anamsuka mteja huku akicheka, hana habari. Akamsogelea.

"Murielle, mdogo wangu. Wale vijana wanataka nikutoe. Wanakuja jioni hii."

Kitana kikasimama. "Na wewe ulibajibu nini, dada?"

"Niliitikia. Leo nitakataa. Ukiogopa kukaa, nenda, sitakulaumu. Mimi mwenyewe naogopa."

Murielle alitazama mlango, kisha kichwa kilichosukwa nusu.

"Acha nimalize huyu kwanza," alisema.