Kiungio Alichofunga Vinko

Mashine ya kukatia majani ilikuwa ikishuka yenyewe. Asubuhi Zofka aliinyanyua pale ilipofungwa mbele ya trekta, akazima injini, akaenda kulisha kuku. Aliporudi aliikuta imelala nyasini, pale pale ilipomlalia mumewe Vinko na kumuua mwezi wa nne.

Huko milimani juu ya mji wa Cerkno, mwenye nyumba akifa, mtu hugonga mizinga na kuwapa nyuki habari. Zofka aliwaambia nyuki, akawaambia na ng'ombe. Mashine hakuna aliyeiambia, na kwa macho ya Zofka ilikuwa bado inamtafuta bwana wake. Aliiogopa, lakini kilichomtafuna hasa ni maneno ya watu. Vinko, aliyewafundisha nusu ya kijiji kutundika mnyororo wa kuishikilia mashine kabla ya kuingia chini yake, aliingia bila kuutundika. Majirani walioinyanyua wakamtoa, na kuurudishia mpira wa mafuta ya kunyanyulia uliokuwa umechomoka, ndio hao hao walionong'ona kwamba aliingia kwa kusudi la kujiua. Zofka naye aliamini, na aliwaka hasira kwa marehemu kila alipotandika kitanda.

Majani yalikuwa yameiva na mvua iko njiani, hivyo akamwita Ciril, binamu yake Vinko, fundi wa matrekta wa bonde la pili.

"Shemeji, hapa hakuna pepo," alisema Ciril, akisukuma gogo chini ya mashine kabla hata hajaigusa. "Hiki ni kidonda. Ona mafuta yanavyochuruzika."

"Basi kitibu, acha kunihubiria."

"Kwa kahawa hii isiyo na sukari, hata mahubiri yatakuwa mafupi."

Aliufungua mpira kwenye silinda ya kunyanyulia, akakifuta kiungio, kile chuma cha kwenye ncha ya mpira, kisha akabandika kwenye meno ya kiungio hicho kipimo chembamba cha chuma. Mwanga ukapita katikati. Akajaribu kingine, kikakaa sawasawa.

"Vinko jamani! Haya meno ni ya inchi, na tundu la silinda ni la milimita. Kwa macho ni mapacha. Mizunguko miwili ya kwanza inaingia tamu, wa tatu unagoma. Hapo mwenye haraka anakamata spana ndefu, analazimisha, na mafuta yakisukuma, kinachomoka." Akakwangua kwa ukucha, akatoa nyuzi za manjano zilizolowa mafuta. Akacheka. "Na katani juu yake! Kaizungushia katani kama bomba la maji! Yaani sisi watu wa huku, kikivuja chochote, katani."

Zofka hakucheka. Asubuhi ya ajali alikuwa akikanda unga, na Vinko akaingia jikoni na viatu vyake vya matope. Alifungua droo, akasimama kidogo nyuma yake, akatoka bila neno. Tangu mazishi Zofka alikuwa akiusikia ule ukimya kila aliposhika unga, akaamini ndiyo iliyokuwa kwaheri yake. Katani ya kuzibia bomba la sinki ilikaa kwenye droo ile.

"Mnyororo je?" aliuliza. "Kwa nini hakuutundika?"

Ciril aliacha kucheka. "Shemeji, mtu anakaza nati moja tu. Anajiambia, dakika moja natoka. Hata mimi hujiambia hivyo."

"Kwa hiyo alikuwa anatengeneza."

"Sasa alikuwa anafanya nini kingine? Alitaka kukata majani."

"Mjinga we," alisema Zofka, na hakuwa akimwambia Ciril. Akaketi kwenye tairi la trekta akalia kwa sauti, na fundi akajishughulisha na boksi lake la viungio, maana hakujua aangalie wapi.

Alifunga kiungio cha milimita, akakizungusha kwa vidole mpaka mwisho, ndipo akagusa spana. Mashine ikanyanyuka, ikatulia. Ciril akanywa kahawa yake, akaaga, akaondoka.

Zofka alibaki uani. Supu ikapoa mezani, wingu likaja juu ya mlima, na hakuna tone la mafuta lililodondoka wala chuma kilicholia. Hasira aliyoishi nayo ilikuwa imekwisha, na hakuna mtu mwingine nyumbani. Akakaa anaitazama mashine ile, akiomba ishuke, hata upana wa kidole kimoja, kana kwamba bado inamtafuta bwana wake.