Inchi Tatu za Udongo

Siku ile mjinga nilikuwa mimi. Nalisema mapema ili msipoteze muda kumtafuta mwingine. Uani mle tulikuwamo watu zaidi ya arobaini, na wote, kuanzia mwalimu hadi mbuzi, walinizidi akili.

Nilikuwa nimechuchumaa mbele ya kihenge cha nafaka, chaki mkononi, kamba begani, na sauti yangu imeshapaa.

"Sitini!" nilisema. "Madebe sitini ya uwele, mwalimu, na kifuniko sijakigusa!"

Wenzangu walikuwa bado wanapigana mieleka na kuzidisha. Nikageuka kupokea sifa zangu. Badala yake nikamwona mwenye nyumba, mzee Damiani, anamtazama mkewe kwa jicho ambalo sikulielewa. Nilikuwa na miaka kumi na saba, na jicho la namna ile hatukuwa tumefundishwa.

Ilikuwa Agosti ya mwaka 1956, msimu ambao upepo wa Ugogo huokota vumbi asubuhi na kulirudisha jioni, tena si pale ulipolitoa. Mwalimu wetu wa hesabu, Bartolomayo, alikuwa na ugonjwa mmoja tu: aliamini hesabu ikifungiwa darasani hufa. Akabuni Jumamosi ya Hesabu. Mara moja kila muhula aliazima lori, akakusanya wavulana wa sekondari yetu ya Dodoma, vijana wa sekondari ya Wahindi mjini, na wasichana wa darasa la nane wa Mvumi waliokuwa wakiitazamia sekondari kwa mbali. Serikali ya Mwingereza ilikuwa imeipa kila rangi shule yake na ua wake. Mwalimu hakugombana na mtu. Alitupakia tu kwenye lori moja, tukagongana mabega hadi tukazoeana. Tulikwisha pima kimo cha kilima kwa kivuli cha fimbo, na mwendo wa garimoshi kwa saa ya mkononi. Safari hii tulikuja Mvumi, nyumbani kwa Damiani, kupima kihenge.

Swali lilikuwa fupi. Kina madebe mangapi, bila kumwaga hata punje? Mama wa nyumba, Marselina, ndiye aliyekijaza hadi ukingoni baada ya mavuno. Alimnong'oneza mwalimu jibu, mwalimu akaliandika kwenye kikaratasi, akakitia mfukoni.

Jambo ambalo hatukuambiwa, na ambalo mimi nililijua tukiwa kwenye lori la kurudi, ni kwamba nyumba ile haikuchaguliwa kwa bahati. Emilia, mmoja wa wale wasichana wa darasa la nane, alikuwa binti wa pale. Fomu ya kumruhusu kufanya mtihani wa kuingia darasa la tisa ilitakiwa Jumatatu, ikiwa na dole gumba la baba yake. Baba alikuwa amekwisha kataa mara mbili. "Hesabu za mwanamke," alimwambia mwalimu, "zinaishia vidoleni." Mwalimu hakubishana. Aliona kama mzee haendi kwenye hesabu, basi hesabu zimfuate uani kwake.

Mimi nilidhani tumekuja kuniona mimi.

Nilipangwa pamoja na Jaffer, mtoto wa muuza nafaka wa mjini, kijana mpole anayetumia maneno kama anayatoa kwenye akiba. Mimi nilishika kamba, yeye akaandika. Kamba ilikizunguka kihenge kwa futi kumi na moja kamili, nikaifunga fundo pale pale. Kimo, futi nne. Moyo ukanicheka, maana kumi na moja ukiigawa kwa ishirini na mbili juu ya saba, kipenyo kinatoka futi tatu na nusu, safi, bila mkia. Hesabu ikitoka safi namna hiyo, kijana hudhani Mungu amemkonyeza.

"Methodi," Jaffer alisema, "dukani kwetu chombo hupimwa ndani."

"Dukani kwenu mnapima hata pumzi ya mteja," nikamjibu. Wenzetu wakacheka. Yeye akaandika nilichomwamuru aandike.

Nijitetee kidogo. Mimi ni mtoto wa kota za reli. Kwetu nafaka ilikuja kwenye gunia, na gunia halina unene. Kihenge nilikuwa nakiona kama gunia lililosimama wima.

"Kijana amesema mangapi?" Damiani aliuliza.

"Sitini, baba," nikamjibu, nimejaa tambo.

"Mama Emilia, mimi uliniambia mangapi?"

"Arobaini na manne."

Chaki zikasimama.

"Na yale kumi na sita yako wapi?"

"Kumi na sita gani?"

"Yamekwenda Kibakwe na punda wa kaka yako?"

Kaka yake Marselina alikuja mwezi uliotangulia na punda wawili, na kijiji kizima kiliwaona punda wale wakiondoka wamebeba chumvi. Ndivyo walivyosema, kwamba ni chumvi. Na katika nyumba zile kihenge ni cha mama. Mwanamume hatii mkono humo. Kumwambia mke amekiibia kihenge chake ni kumwambia miaka yote aliyokulisha alikuwa anakudokolea. Marselina hakulia. Alifungua kanga kiunoni, akaifunga upya, akaikaza.

"Aliyepima huyo hapo," alisema. "Mwulize yeye."

Basi mlango ulikuwa wazi. Ningeweza kusema, mzee, ngoja kwanza nirudie. Nikafungua kinywa, nikasema, "Hesabu haidanganyi, mama."

Nimefundisha miaka thelathini na mmoja tangu hapo, Kondoa, Kolo na kwingineko, na kila mwanafunzi aliponiambia maneno hayo nilimpa adhabu ya kufagia. Hawakujua wanafagia kosa la nani.

Emilia aliinuka katikati ya wenzake. Hakuwa na karatasi wala kalamu. Alikuja akaichukua kamba begani kwangu kama mtu anayeondoa buibui.

"Wewe kaa," baba yake alimwambia. "U mtoto wa mama yako, jibu lako nalijua."

"Ndiyo maana sipimi mimi, baba. Unapima wewe."

Akaondoa kifuniko. "Kaka huyu ameizungusha nje. Wewe izungushe ndani."

Damiani alisita. Kisha akainama, akaingiza mikono, akawa anasukuma uwele pembeni kwa viganja na kuibana kamba ukutani, taratibu, kama anayemfunga mgonjwa bendeji. Kamba ikazunguka, ikakutana na mwanzo wake, na kipande cha kufikia lile fundo langu kikabaki mkononi. Akakinyoosha kwenye mkono wake wa kushoto. Kilianzia kiwikoni, kikapita ncha ya kidole cha kati.

"Hiki ni nini?"

"Ni ukuta, baba. Fito, udongo na samadi. Mimi na mama tulikandika mara mbili, ndani na nje, kwa ajili ya panya. Ni inchi tatu kila upande." Akanitupia jicho. "Kaka huyu amejaza uwele ndani ya udongo."

Kicheko kilichotoka pale ningekishiriki, kama anayechekwa angekuwa mtu mwingine. Emilia alikwisha chuchumaa, anaandika ardhini kwa kijiti.

"Methodi," mwalimu alisema, "mhakiki."

Nikahakiki. Kipenyo kikashuka kikawa futi tatu. Nusu yake nikaizidisha kwa yenyewe, na hapo ndipo nilipoona nilivyoumia: kipimo ukikizidisha kwa chenyewe, kosa nalo hujizidisha. Mstari baada ya mstari madebe yangu yakaporomoka. Emilia alimaliza akanisubiri, mikono kwenye magoti.

"Sema," mwalimu aliniambia. "Kwa sauti ile ile."

"Arobaini na manne," nilisema. "Na kidogo."

"Hicho kidogo ni cha panya," alisema Jaffer.

Mwalimu akatoa kikaratasi mfukoni, akampa Jaffer akisome mbele ya wote, lakini hakuna aliyekuwa na haja nacho tena. Nilimwendea Marselina, nikapiga goti moja vumbini. "Nisamehe, mama." "Umekula?" aliniuliza. Akanipakulia ugali wa uwele na mlenda. Mpaka leo sijui kama ule ulikuwa msamaha au adhabu, kwa sababu mtoto wa reli kula mlenda unaovutika mbele ya wasichana kumi na wawili ni mtihani mwingine kabisa.

Damiani hakuomba radhi. Aliviringisha kamba kwenye kiganja chake, akaifungua, akaiviringisha tena. Mwalimu Bartolomayo akaweka fomu juu ya kigoda, na kando yake kidau cha wino.

"Mzee, Jumatatu si mbali."

"Nimeona. Mtoto ana akili," alisema Damiani. "Lakini akili ya kihenge ameipata hapa hapa, kwa kukandika na mama yake. Darasa la tisa la nini?"

"Kukandika kumenipa inchi tatu, baba," Emilia alisema polepole. "Yale madebe kumi na sita nimeyapata shuleni."

Mzee alichovya dole gumba kwenye wino. Akalileta juu ya karatasi, likaning'inia pale. Ng'ambo ya ua Marselina alikuwa anakwangua chungu, ametupa mgongo.

"Haya, aende," Damiani alisema, akalikandamiza dole kwenye fomu. "Halafu arudi na hilo darasa la tisa lake, aanze kunihesabia makosa yangu?"

"Hayo nayahesabu mimi, baba Emilia," alijibu Marselina bila kugeuka, "na sijakaa darasani hata siku moja."