Mteremko wa Mutungo

Nilipokuwa polisi nilimfukuza mwizi wa baiskeli kutoka Kisenyi mpaka Port Bell, yeye akipiga pedali, mimi kwa miguu. Nilipomkamata aliomba maji. Mimi nikamwomba kiberiti niwashe sigara. Asiyeamini akamuulize mwizi. Nasema haya mjue kwamba mbio nazijua, na bado kwa Adoch sikufaa kitu.

Adoch ni binti wa dada yangu, anaishi kwangu hapa Luzira, na kazi yake ni mashindano ya baiskeli. Kila Desemba mashindano yakiisha, kocha wao, mama mkali aitwaye Nabangala, huwaamuru waweke baiskeli kando. Lakini kulala ni marufuku. Waogelee, wapige kasia ziwani, wapande vilima kwa kutembea. Mwaka huu hawakuwa na mzaha: mwezi wa pili ingechaguliwa timu ya kwenda kushindana nje, na jina la Adoch lilikuwa midomoni mwa wote.

Asubuhi moja akaja Wanyama, Mkenya anayeuza vipuri Kisenyi, mwenzake wa klabu.

"Afande, huyu mtoto wako bila baiskeli ni kobe tu."

"Kobe ni wewe na hilo tumbo lililoshiba posho," Adoch akajibu, huku anafunga kamba za viatu.

"Basi twende Mutungo. Juu na kurudi, mbio."

"Kocha alisema mtembee," nikawakumbusha.

"Mjomba, kutembea ni kwa wastaafu."

Nikapanda bodaboda nikawafuata. Kupanda kilima, Adoch alipaa. Mapafu ya mtoto yule yangesukuma meli mpaka Kisumu. Wanyama alifika juu ulimi nje, akamkuta mwenzake amepumzika hata jasho limekauka. Wakageuka.

Sasa hapo ndipo lilipo kosa la watu wa baiskeli. Kwao mteremko ni mapumziko: unaacha pedali, unainama, kilima kinakubeba. Adoch akafanya vivyo hivyo kwa miguu. Akainama, akajiachia, visigino vikaipiga lami kama mchi kwenye kinu.

"Shika breki!" nikapiga kelele.

Breki gani? Dereva wa boda alicheka nusura atutie mtaroni. Adoch akashinda, na ushindi ukamnogea. Kila asubuhi akawa anarudi Mutungo peke yake, na kila asubuhi anashuka kwa kujiachia.

Krismasi ilipopita nikaona anateremka ngazi za baraza upande upande, kama kaa.

"Una nini?"

"Uchovu tu. Mjomba, usimwambie kocha. Wakisikia, watanitoa."

Nikisema, ninamtoa mimi. Nikinyamaza, anajivunja mwenyewe. Nikabaki kuchemsha maji ya chumvi, nikimkanda usiku, na asubuhi nikilisikia geti likifunguka. Siku moja nilificha viatu vyake. Akaenda na vyangu.

Halafu Nabangala akaja mwenyewe kutazama wachezaji wake majumbani. Nikamkalisha, nikamwanzishia habari ya tembo niliyemkamata Gulu kwa kosa la trafiki, mzigo umezidi na taa za nyuma hana. Alisikiliza kwa adabu, hata akacheka. Na huku anacheka akainama, akabonyeza mfupa wa mbele wa mguu wa Adoch kwa dole gumba.

Adoch hakulia. Machozi ndiyo yalitoka yenyewe.

"Bambi, pole mwanangu," Nabangala akasema, na ukali wote ukamwisha. "Mapafu yako ni ya farasi. Lakini mifupa hii imebebwa na baiskeli miaka yote, haijazoea kupigwa. Mfupa umeingia ufa."

"Nitapona kabla ya uchaguzi?"

Kocha akanitazama mimi, kana kwamba tembo wangu angejibu.

Nafasi ikaenda kwa Teresa, msichana mpole wa Kabalagala. Siku moja kabla ya safari alikuja kuaga, akasimama barazani hajui mikono aiweke wapi. Adoch alikuwa ameegemeza magongo ukutani.

"Kaa hapa," akamwambia. "Kona za kushoto unaziogopa, nimekuona. Goti la ndani lifungue, uzito uweke mguu wa nje. Hivi." Akataka kumwonyesha, mguu ukakataa, akaonyesha kwa mikono.

Nikauliza nani atakunywa chai. Wote wawili walikuwa wanakata kona kwa mikono. Nikaenda kuipika vilevile.