Modemu Iliyorudishwa Septemba

Jumanne ya kwanza ya Novemba, saa nne asubuhi, Mama Damari alikaa kwenye benchi la steshenari ya Silvester pale Kihesa, akimwangalia fundi anavyohangaika na modemu. Ilikuwa safari yake ya kumi na tisa. Kila akija kuulizia nafasi ya mwanawe kwenye chuo cha uuguzi Mbeya, Silvester humjibu lile lile: kompyuta iliboreshwa, tangu hapo modemu haisomi, mtandao hakuna.

Namba ya simu kwenye maombi ya Damari ilikuwa ya Silvester. Mtaa mzima walijaza hivyo, maana simu zao huzimika na ya kwake haizimiki.

"Shida ni draiva, programu ya kuiendesha," alisema fundi, Junaid, aliyetokea Mbeya. "Hii mpya haielewani na modemu. Naifuta, narudisha ya Septemba."

Akafuta, akarudisha. Taa ya modemu ikawaka. Kalenda ya ukutani ikarudi Septemba, mvua ikakauka kwenye dirisha la steshenari peke yake, na mzee Ambrosi, aliyezikwa katikati ya Oktoba, akaingia na fomu yake ya kliniki.

"Kamwene."

"Kamwene, mzee," wakamjibu, wakamsogezea kiti.

"Kopi mbili. Na wino uonekane, siyo kama za juzi."

Hapo simu ya Silvester ikalia mezani. Mama Damari aliishia darasa la saba, lakini jina la mwanawe hulisoma hata likiwa kichwa chini. Damari amechaguliwa, athibitishe kwa tarakimu hizi sita ndani ya siku saba, la sivyo nafasi apewe anayefuata.

Silvester akaufuta ujumbe.

"Unafuta nini?"

"Matangazo."

"Matangazo yana jina la mwanangu?"

"Kumbe na wewe unasoma?" Hakuinua macho. "Anayefuata ni Eveline, mtoto wa dada yangu. Ulitaka nifanyeje?"

Tarakimu sita Mama Damari alikuwa ameshazishika. Akamtajia Junaid, Junaid akazibonyeza, printa ikatoa karatasi: Damari amethibitishwa. Mama Damari akaifundika kwenye pindo la kitenge, akatoka. Nje ya kizingiti ilikuwa Novemba, mvua inanyesha. Akaifungua karatasi. Nyeupe, haina hata nukta. Akarudi ndani, maandishi yakarudi. Akatoka, yakapotea. Alifanya hivyo mara tatu.

"Ndani ni Septemba, mama," Junaid alimwambia, akikusanya vifaa vyake. "Huko nje mimi sijagusa kitu."

Wiki hiyo Eveline alikuwa Mbeya, anajifunza kuchoma sindano. Damari alikuwa Ilula barabarani, anawanyanyulia abiria ndoo za nyanya dirishani.

Tangu hapo modemu ya Silvester haijakatika hata dakika. Kila siku saa nne na robo ule ujumbe huingia, naye huufuta, kisha huendelea kutoa kopi za vyeti. Mama Damari husimama mlangoni na mwavuli wake, akimwambia kila mzazi: "Andika namba yako mwenyewe. Hata simu iwe mbovu vipi, andika yako. Nisikilize mimi yaliyonikuta."

Jana alikuja Bertha wa mtaa wa pili, na binti yake aliyemaliza kidato cha nne. Alimsikiliza mpaka mwisho, akamshika mkono kwa huruma.

"Pole sana, Mama Damari. Mungu anamwona."

Akampita, akaingia ndani, akamwamkia mzee Ambrosi.

"Silvester, andika tu ya kwako," akasema. "Ya kwangu haina chaji."