Shahidi wa Pili

Mwanga wa ziwa Liuhua hauchomozi, unavuja. Unapita kwenye ukungu polepole kama chai kwenye kitambaa, unalowesha ziwa, unatulowesha na sisi. Mwezi wa tatu Guangzhou, kuta zinatoka jasho, nguo hazikauki, na mimi nimechoka, shangazi Bimdogo. Nimechoka mpaka kope.

Asubuhi tisa tumekuja hapa kabla maduka ya Xiaobei hayajafunguliwa. Wewe na baibui lako na darubini ya kuazima, mimi na simu yangu. Bata wanaelea. Yangeyange wanashuka kisiwani kama kanzu zilizoanguka kutoka kambani. Wewe huwataki hao. Unamtaka mmoja tu, domomwiko, mweupe, uso mweusi, mdomo bapa kama mwiko wa wali.

Najua kwa nini. Miaka yote umenunua vitambaa soko la Zhongda kwa macho tu, zambarau na zambarau mwenzake ukizitenganisha chini ya taa mbovu. Sasa wanao huko Unguja wanasema macho yamekwisha, safari hii ya mwisho. Siku moja dukani ukanisukumia kitambaa. "Chagua wewe." Nimechoka tangu pale.

Mzee Liang, mwenye darubini na daftari la ndege wa hapa, ana sharti lake: ndege adimu haandikwi kwa wino mpaka aonwe na wawili. Alituonyesha vidole viwili, ukacheka. "Kama mwezi wa Ramadhani. Kumbe na huku wanataka mashahidi."

Asubuhi ya tisa ukanishika mkono. "Yule. Yule pale, kwenye matete."

Na mimi, ninayesimulia hata nisiyoyaona, nilikuwa namsimulia rafiki yangu Murshid kwenye simu kisa cha jana. Nilipoinua kichwa, palikuwa na maji, na duara juu ya maji.

Mzee Liang akafika na daftari. Kidole kimoja kwako. Cha pili kikanisubiri mimi.

"Umemuona, mwanangu?" ukaniuliza.

Ningesema ndiyo. Mdomo huu umedanganya kwa madogo zaidi. Lakini ulikuwa unaniuliza habari ya macho yako, siyo ya ndege.

"Sikumuona, shangazi. Nilikuwa kwenye simu."

"Meiyou," akasema mzee, hakuna, neno lile lile la wenye maduka. Akaandika jina lako kwa penseli, mstari wa chini akauacha wazi.

"Basi ukungu ni wa macho yangu," ukasema. "Kasimulie na hilo."

Tangu hapo huji. Ijumaa unapanda ndege kurudi Unguja. Unalala hotelini, pazia limefungwa. Mimi nakuja peke yangu, simu nimeizima, nzito mfukoni kama jiwe. Asubuhi ya kumi. Ya kumi na moja. Bata. Yangeyange. Nimechoka, shangazi, na sina cha kumsimulia mtu.

Leo Alhamisi mwanga unavuja vilevile. Matete yanatikisika. Anatoka taratibu, mweupe, uso mweusi, anafagia maji kwa mwiko wake, kushoto, kulia, kama mtu anayetafuta sindano iliyoanguka. Namtazama mpaka macho yanatoa machozi.

Mzee Liang anafika, ananipa kalamu ya wino. Naipitisha juu ya jina lako la penseli kwanza, kisha naandika langu chini yake.

Nawasha simu. Nakupigia hotelini.

"Shangazi. Ukungu ni wa ziwa."

Nasikia pazia linavutwa, na najua mwanga huu huu unaovuja umeshafika kwako.